Jeneza Lisilo na Mbao: Umbo la Mazishi ya Wangari Maathai

Tuanze na jeneza, kwa kuwa ndilo linalobeba maana ya mazishi yote. Profesa Wangari Maathai, mtetezi wa mazingira, alikuwa ameomba mti usikatwe kwa ajili ya maziko yake. Alipofariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011, aliundiwa jeneza la mianzi, mafunjo na gugu maji. Msomaji wa haraka ataridhika kwamba wosia umetekelezwa. Lakini sanda peke yake ingetosha kuutekeleza. Waliopanga mazishi hawakuliondoa jeneza; waliliacha na umbo lake linalofahamika na kila aliyewahi kupita penye karakana za majeneza, wakaondoa mbao tu. Uamuzi huo unastahili kutafakariwa, kwa sababu ukiushi wowote, yaani uvunjaji wa kawaida, uwe wa ushairi au wa maziko, huonekana pale tu kawaida inapokuwa bado machoni pa hadhira. Mbinu hii nitaiita ukanushi-jenzi: kukataa jambo kwa kuunda mbadala wake, si kukataa kwa kuacha pengo.

Malighafi zenyewe zimeteuliwa kwa umakini unaozidi mahitaji ya wosia. Hakuna hata moja iliyo mti: mwanzi, licha ya urefu na ugumu wake, ni wa jamii ya nyasi, mafunjo ni mimea ya kinamasini, gugu maji huelea. Hata hivyo hazisemi jambo lile lile. Mwanzi, unaoota kiasili katika Milima ya Aberdare na Mlima Kenya, hukatwa ukachipua tena kutoka chini, na kwa hiyo kiunzi cha jeneza kimetokana na mmea unaovumilia kuvunwa. Mafunjo nayo huchipua upya, na yakiwa hai huchuja maji yaendayo ziwani. Wafumaji wa mikeka wanayajua tangu zamani. Gugu maji linaingia na thamani tofauti kabisa. Ni mgeni kutoka Amerika Kusini, aliyeenea katika Ziwa Victoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, akaziba njia za mitumbwi hata wavuvi wakakosa pa kupita. Kulivuna ni kulipunguzia ziwa mzigo. Tukizisoma malighafi hizi kwa mfuatano huo, hoja inapanda ngazi: kutoka kitu kinachochukuliwa bila madhara makubwa hadi kitu ambacho kukichukua kwenyewe ni tendo jema. Jeneza la mninga au mvule, likipambwa kwa satini na vishikio vya shaba, hueleza hadhi ya marehemu na uwezo wa jamaa zake; hili linaeleza kazi yake. Katika kitabu cha kumbukumbu zake, *Unbowed*, Maathai anasimulia jinsi mama yake alivyomkanya asiokote kuni za mugumo, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Katazo alilolipokea akiwa mtoto limepata hapa umbo linaloweza kushikwa kwa mikono na kubebwa mabegani.

Tarehe 8 Oktoba hadhira ilikusanyika Uhuru Park, penye kona inayoitwa Freedom Corner, na hapo mpangilio unaitumia mandhari kwa ustadi usiohitaji msemaji. Mwaka 1989 Maathai aliupinga mradi wa kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani hiyo, na mwishowe mradi ukaachwa. Mwaka 1992 aliketi kwenye kona hiyo pamoja na akina mama waliodai wana wao, wafungwa wa kisiasa, waachiliwe. Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia, naye akapigwa hadi akazirai. Sasa, salamu za rambirambi ni utanzu mgumu kuliko unavyodhaniwa: kila anayesimama husifu, na hadhira haina mizani ya kuzipimia sifa hizo. Uhuru Park iliwapa waombolezaji mizani. Nyasi walizozikanyaga zilikuwa ushahidi. Lau Maathai angeshindwa, wangekuwa wamesimama kivulini mwa zege, au wasingekuwa na pa kusimama kabisa.

Naona doa moja. Yalikuwa mazishi ya kitaifa, na bendera ya Kenya ililifunika jeneza, ikaficha sehemu ya ufumaji uliokuwa ndio usemi wenyewe. Sababu yake naielewa, tena ina uzito: dola lililowahi kumpiga pale pale sasa lilimvika nguo yake ya heshima. Lakini kwa jicho la uhakiki, ishara mbili zimewekwa moja juu ya nyingine, na iliyozoeleka zaidi ikaimeza iliyo ngeni. Bendera ingeweza kukunjwa na kulazwa upande mmoja.

Kutoka bustanini mwili ulipelekwa Kariokor ukachomwa, na majivu yakazikwa katika taasisi yenye jina lake ya Chuo Kikuu cha Nairobi, Upper Kabete. Ili kuona ujasiri wa hatua hii lazima tukumbuke kaburi lina uzito gani Kenya. Wakili S. M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986, alizikwa kwao Nyalgunga Mei 1987 tu, baada ya mjane wake na ukoo kuvutana mahakamani juu ya nani amzike na wapi. Kaburi lilikuwa hati ya kumilikiwa. Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, amehamishiwa mahali pa masomo, na udongo unaompokea ni wa wanafunzi. Wanaosema kwamba moto ulivunja mila wanapaswa kusoma nyuma zaidi: miongoni mwa Wakikuyu wa kale kuzikwa ardhini kulikuwa heshima ya wachache, hasa wazee wenye mali, na maiti za wengine zilipelekwa porini. Kaburi la kila mtu ni mazoea mapya kuliko yanavyojidai.

Baadaye mwanasiasa Kenneth Matiba alichomwa Lang'ata mwaka 2018, na Bob Collymore, mkuu wa kampuni ya Safaricom, Kariokor mwaka 2019. Katika mazishi hayo mawili moto ulibeba uzito peke yake, ukasomwa kama chaguo la faragha ambalo umma ulibaki kulijadili kutoka nje. Kwa Maathai, jeneza lilikuwa limeshaiandaa hadhira. Jeneza lisilo na mbao na kaburi lisilo na maiti ni usambamba mmoja: katika kila upande umbo la desturi limebaki na kiini chake kikabadilishwa. Aliyelielewa la kwanza pale Uhuru Park alikuwa ameshapewa namna ya kulisoma la pili, hata kama hakufika Kariokor.