Swichi ya kinga: mfano unaotudanganya

Ukisoma maelezo ya Kiswahili kuhusu jeni za kinga, ziwe notsi za darasani au video za mtandaoni, hukosi kukutana na swichi. Protini inafika kwenye DNA, inabonyeza, jeni inawaka. Ikiondoka, jeni inazima. Kwa dakika tano za kwanza mfano huu unafaa, sikatai. Shida inaanza ukiubeba hadi kwenye damu ya mtu halisi, tuseme mkazi wa Ifakara.

Chukua jeni ya Duffy. Inatengeneza kipokezi kinachonasa kemokini, yaani zile protini ndogo zinazoita seli nyeupe mahali penye maambukizi au uvimbe. Kipokezi hicho hicho ndicho mlango ambao vimelea vya Plasmodium vivax huutumia kuingia kwenye seli nyekundu. Waafrika walio wengi kusini mwa Sahara hawana Duffy kwenye seli nyekundu, na hiyo ni sababu kubwa ya malaria ya bonde la Kilombero kuwa karibu yote ya falciparum. (Kinga hiyo si ya asilimia mia: mwaka 2010 watafiti waliripoti vivax kwa watu wa aina hii huko Madagaska.)

Mwaka 1995 watafiti wa Paris walionyesha chanzo chake. Maelekezo ya kutengeneza kipokezi ni mazima kabisa. Kilichobadilika ni herufi moja tu mbele yake, T ikawa C, pale ambapo protini iitwayo GATA-1 hushika ili jeni inukuliwe. Ikikosa pa kushika, hakuna nakala, hakuna kipokezi.

"Si ndiyo swichi imezimwa?" Ngoja kwanza. Mtu huyo huyo, mwenye herufi hiyo hiyo katika seli zake zote, bado ana Duffy kwenye kuta za mishipa yake midogo ya damu! GATA-1 hufanya kazi kwenye uboho, katika seli zinazozaa seli nyekundu. Kwenye kuta za mishipa jeni hiyo haimtegemei msimamizi huyo. Jeni moja, kitufe kimoja: mfano wetu hauna nafasi ya jambo hili. Mimi ningesema mfereji wa mpunga. Kila jaruba lina mlango wake, na mlango mmoja ukikwama, jaruba moja linakauka huku la jirani limejaa maji.

Unaona nabishania maneno tu? Angalia picha nzima ya damu. Watu wenye Duffy ya aina hii huwa na nyutrofili chache zaidi zinazozunguka kwenye damu. Uhusiano huo wa kijeni ulichapishwa mwaka 2009. Ni wazima, wala hawaugui zaidi kwa sababu hiyo. Lakini viwango "vya kawaida" vikiwa vimetokana na damu ya Wazungu, kijana mzima anaandikiwa kwamba yuko chini. Anaweza kuachwa nje ya jaribio la chanjo, au kucheleweshewa dozi ya dawa ya saratani.

Na mwanafunzi aliyekaririshwa swichi akiisoma karatasi ile, atahitimisha nini? Kinga imezimwa. Kumbe nyutrofili za kijana huyo ziko kazini kama kawaida, na kinachotakiwa kurekebishwa ni ile safu ya mwisho ya karatasi, iliyoandikwa viwango.