Spika Haitibu Chumba: Kwa Nini Mikutano Haisikiki, Musoma hadi Bunda

Ingia kwenye chumba cha mikutano cha kisasa, kiwe Musoma mjini, Bunda au Butiama, na mara nyingi utakuta vitu vilevile: marumaru zinazong'aa, kuta za plasta, dari ya jipsamu, madirisha ya alumini na vioo. Kwa macho, chumba kimekamilika. Kwa masikio, bado. Hebu simama katikati kabla watu hawajaingia, piga kofi moja, halafu sikiliza. Kofi limekwisha, lakini sauti inaendelea kuzunguka. Huo ndio mvumo, na tatizo letu ni kwamba tunautibu kwa dawa isiyo yake.

Dawa yenyewe unaijua: "Ongeza sauti ya maiki!" Sasa fikiria. Sauti ya msemaji inakufikia kwa njia mbili. Sehemu inakuja moja kwa moja. Nyingine inagonga dari, ukuta na sakafu kwanza, kwa hiyo inachelewa. Ukiongeza spika, umezikuza zote mbili kwa pamoja, na uwiano unabaki palepale. Ni kama kukuza picha yenye ukungu: ukungu nao unakua. Mtu huzungumza silabi nne au tano kwa sekunde. Silabi ya kwanza ikikawia chumbani, inaifunika ya pili na ya tatu.

Jambo hili lina jibu la zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa mwanafizikia Wallace Sabine kazi ya kutengeneza ukumbi wa mihadhara uliokuwa hausikiki. Sauti ilidumu humo sekunde 5.5 hivi. Usiku alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akaipanga, akapima kwa saa na sikio lake, akaongeza mingine. Alichogundua ni hiki: muda wa mvumo ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa ufyonzaji wake wote.

Twende na hesabu. Chukua chumba cha mita 10 kwa 8, kimo mita 3: ujazo ni mita 240 za ujazo. Marumaru hufyonza kama asilimia 2 tu ya sauti inayozigonga, plasta asilimia 3, jipsamu asilimia 5. Jumla ya ufyonzaji ni karibu 9. Watu 20 wakiketi wanaongeza 9 nyingine, maana mwili na nguo hufyonza. Mvumo: sekunde 2.1. Kwa mazungumzo tunataka 0.6 hadi 0.8. Yaani chumba kinakosea karibu mara tatu, na hakuna fundi maiki wa kukisaidia.

Sasa weka mapazia mazito yenye mikunjo, mita za mraba 24: ongeza 12. Bandika darini na ukuta wa nyuma paneli za nyuzinyuzi zenye unene wa sentimita 5, mita za mraba 30: ongeza 24. Jumla inakuwa 54, mvumo unashuka hadi sekunde 0.7. Marumaru hujazigusa; endelea kupiga deki kama kawaida.

Tahadhari tatu. Trei za mayai hazisaidii; ni karatasi nyembamba. Sponji nyembamba nayo hufyonza sauti kali tu na kuacha nzito zikivuma. Na usidanganyike kwamba paneli zitazuia kishindo cha mvua juu ya bati: kufyonza sauti iliyo ndani ni jambo moja, kuzuia inayotoka nje ni jingine, na hilo linataka uzito na tabaka juu ya dari.

Kinachoudhi ni kwamba malighafi iko jirani. Bunda inalima pamba, na pamba iliyoshindiliwa ni kifyonzaji kizuri, mradi itibiwe isishike moto. Hilo la moto si la kupuuza.

Utasema, mbona wazee walikutana chini ya mti bila paneli yoyote? Hata Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922, mikutano ya chini ya mti si ngeni. Ni kweli, na fizikia iko upande wao: nje hakuna dari wala ukuta wa kurudisha sauti. Inafifia kwa umbali, lakini haijifuniki yenyewe. Tumejenga ukuta tukasahau kwamba ukuta nao unasema.

Anayelipa gharama ni aliyekaa nyuma, mwenye sauti ndogo, au mzee ambaye masikio yameanza kuchoka. Bajeti inasomwa, mikono inanyooshwa, naye amenyoosha kwa kuwaangalia wenzake. Basi kamati yenu ikikaa kujadili spika mpya, omba dakika moja, piga lile kofi, kisha uliza bei ya mapazia.