Namna ya Kutambua Kikasha Bora cha Mpingo

Kikasha cha Kimakonde hupimwa kwanza kwa kifuniko chake. Wachongaji wa zamani wa uwanda wa Makonde walitengeneza vikasha vidogo vya kutilia ugoro na dawa, baadhi vikiwa na vifuniko vya umbo la kichwa cha mtu au mnyama. Lakini sura hiyo haikufaa kitu kama ugoro ulipata unyevu. Kifuniko kizuri huingia kwa kubana kidogo, huzunguka bila kukwama, na hakichezi kikasha kikitikiswa. Kisichokaa sawasawa kiachwe, hata kama kimechongwa kwa ustadi namna gani.

Baada ya kifuniko ni mti, na hapa ndipo wanunuzi wengi hudanganyika. Kiini cha mpingo ni cheusi chenye zambarau kwa mbali, na ni kizito kiasi cha kuzama majini. Kwa hiyo kikasha, hata kidogo, lazima kilemee mkononi. Sehemu ya nje ya gogo ni nyeupe yenye umanjano. Wachongaji wengine huiacha makusudi iwe pambo, na hupendeza. Ubaya ni kuipaka dawa ya viatu ili ionekane kiini. Kitambaa cheupe chenye spiriti kidogo, kikisuguliwa kitakoni, huumbua rangi ya kupaka. Anayenunua huku kusini mwa Tanzania, iwe Masasi, Newala au njiani Nanganga, aombe kuonyeshwa kipande cha gogo kilichobaki.

Ndani ya kikasha patazamwe kuliko nje, maana huko ndiko fundi mvivu huacha kazi. Kikielekezwa juani, alama za patasi zionekane fupi na za kufuatana, na kuta ziwe na unene mmoja. Ufa unaoanzia katikati ya kitako ni dalili kwamba mti ulichongwa mbichi, au pamoja na moyo wa gogo, na ufa wa namna hiyo huelekea kupanuka kiangazi.

Tofauti na vya mpingo, vikasha vya mashine ya leza vina kipimo chake. Hivyo havichongwi, huungwa kwa vibao vyembamba, mara nyingi plaiwudi ya milimita 3, vyenye meno yanayoingiliana kwenye kona. Mwali wa leza hula mbao kidogo kila unapopita, na fundi asipoliwekea hesabu jambo hilo kwenye mchoro, meno hulegea na gundi hujazwa kuziba mianya. Kingo huwa za kahawia kwa kuungua, lakini kidole kikipitishwa kisitoke na masizi. Maua yanayochorwa na leza huwa na kina kilekile tangu mwanzo hadi mwisho, wakati patasi ya mkono huzama na kupanda. Ni kazi halali na inaweza kuwa safi sana, mradi isiuzwe kwa jina la kuchongwa.

Kung'aa kuangaliwe mwisho. Mpingo uliopigwa msasa laini na kupakwa nta kidogo hung'aa wenyewe; vanishi nene juu yake mara nyingi hufunika mikwaruzo au nyufa zilizozibwa.