Mlima Usio na Wakwe: Riwaya ya Haggard Isomwapo Gusii

Riwaya ya H. Rider Haggard iliyotoka Uingereza mwaka 1885, na kutafsiriwa na Frederick Johnson mwaka 1929 kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani, ni miongoni mwa vitabu vilivyowazoeza wasomaji wa Kiswahili hadithi ya safari, vita na mapenzi milimani. Kasumba ya kikoloni iliyomo humo imekwisha kuelezwa na wahakiki. Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo moja tu: mlima wa riwaya hii ni mahali pa namna gani, nao unamfaa nini mtunzi atakaye kusimulia historia ya Kisii na Nyamira?

Kwa Haggard, mlima ni ukuta. Wazungu watatu wakishauvuka, desturi za kwao husalia nyuma, na za wenyeji haziwafungi. Ndipo Kapteni Good na Foulata wanapoweza kupendana. Foulata anaokolewa asitolewe kafara, anamwuguza Good, kisha anauawa kwa kisu na ajuza Gagool. Quatermain, msimulizi, hafichi kwamba kifo hicho kimewaepusha na matatizo. Ufundi wa mtunzi katika kujenga taharuki haukanushiki. Lakini na tutazame kinachokosekana. Hakuna shangazi anayeuliza ukoo wa mchumba, wala mahari inayojadiliwa, wala mkwe anayedai heshima yake. Foulata anakufa bila kuacha deni kwa mtu yeyote.

Milima ya Gusii haikuwa hivyo. Mapokeo yasimulia kwamba Abagusii walitoka uwanda wa Kano, wakataabika Kabianga, hata wakapata kimbilio Manga. Misitu ilikuwapo, lakini nchi ilikuwa ya koo. Watu wa ukoo mmoja hawakuoana. Mchumba alitoka kwa jirani ambaye kesho aweza kuwa adui. Wenyewe husema kwamba wanaooana nao ndio wanaopigana nao. Tena, kama alivyoonyesha Philip Mayer mwaka 1950, ng'ombe waliotolewa kwa ajili ya dada ndio waliomwozea kaka mke.

Kwa hiyo mapenzi na historia havitengani hapa. Januari 1908, Otenyo wa Kitutu alimchoma mkuki Northcote, mtawala wa Kiingereza wa wilaya, akihimizwa na jamaa yake, mtabiri Moraa Ng'iti. Northcote alipona. Jeshi likaja, likachoma nyumba na kuteka maelfu ya ng'ombe, Otenyo akauawa. Mwanahistoria huwahesabu ng'ombe hao kuwa ni hasara ya mali. Mtunzi wa riwaya hana budi kuona zaidi: kila zizi lililobaki tupu lilikuwa posa iliyokwama, kijana aliyekosa mke, na dada ambaye mahari yake ilikwisha kuliwa na vita.

Na Moraa je? Hatari iko hapo. Mtunzi aliyelelewa na Mashimo atamkuta Gagool amekwisha kukaa katika nafasi ya kila mwanamke mzee mwenye kauli mlimani: mchawi, mnafiki, mpenda damu. Lakini Moraa alikuwa na ukoo wa kuutetea. Akinyimwa ukoo huo, atabaki kuwa kitisho tu.

Mfano bora tunao karibu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Ikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Bugonoka anaporudishwa kwa wazazi wake, Myombekere analazimika kuwaendea wakwe na kuwatafutia pombe ya ndizi ndipo arudishiwe mkewe. Ni kweli kwamba maelezo ya mila mara nyingine hulemaza mwendo wa hadithi. Hata hivyo, mapenzi humo hupimwa kwa jasho, mbele ya macho ya jamaa, nasi twayaamini.

Twahitimisha kwa kusema kwamba riwaya ya kihistoria ya Gusii haihitaji mlima wa kuficha hazina. Yahitaji mlima wenye wakwe.