Kweli na Kusadikika

Jina la kitabu cha Shaaban Robert, Kusadikika, kilichopigwa chapa mwaka 1951, lastahili kupimwa kabla ya hadithi yenyewe. Nchi hiyo ya angani haikuitwa nchi ya kweli, bali nchi iwezayo kusadikiwa. Neno sadiki asili yake ni Kiarabu, na huko shina lake lahusu kusema kweli; kwetu limekuwa tendo la msikilizaji, hata uongo nao husadikiwa.

Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno kwa kufundisha elimu ya sheria, ajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita, wakarudi wakaadhibiwa. Kwa mantiki mmoja angalitosha. Mtu asemaye kwamba nchini hakuna aliyeonewa, ameshindwa aonyeshwapo mmoja tu. Watano waliobaki hawaongezi kitu katika hoja. Wako wasomaji wamwonao mwandishi kuwa amejirudia, na kweli safari zile zafanana mno.

Lakini kuelewa hoja ni jambo moja, kuikubali ni jingine. Mjumbe wa kwanza aweza kusemwa kuwa alipatwa na bahati mbaya. Wa sita hawezi tena. Hiyo ndiyo kazi ya mambo yaliyoonwa mara kwa mara, nayo mantiki haiifanyi.

Upungufu, kwa maoni yangu, uko kwingine. Sita hao wathibitisha ugonjwa, hawathibitishi dawa. Ya kuwa elimu ya sheria ingaliwaokoa, hapana mjumbe aliyeyaona hayo safarini. Hapo Karama aomba kusadikiwa tu.