Kengele Iliyowekwa Mwisho

Tarehe 7 Mei 2024 kampuni ya Sonos ya Marekani, inayotengeneza spika za nyumbani zinazopiga muziki kupitia Wi-Fi, ilitoa programu mpya kabisa ya simu ya kuongozea spika hizo. Waliosasisha wakakuta mambo waliyoyazoea hayapo: kupanga upya foleni ya nyimbo, kuweka muda wa muziki kujizima usiku, kutafuta nyimbo zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya nyumbani. Spika zilikuwa zikitokea na kutoweka kwenye skrini, na zenyewe zimekaa palepale kabatini. Wahandisi wameshalichambua sana suala hili. Mimi nataka kuitazama fani, maana programu nayo ni utungo: ina mwanzo, ina mpangilio, ina msomaji iliyemkusudia.

Chukua mstari wa kuongeza sauti. Kidole kinasukuma, alama inasogea papo hapo, spika iko vilevile. Msikilizaji anasukuma tena. Kimya. Anasukuma mara ya tatu, ndipo amri zote zinafika kwa mkupuo na muziki unavuma nyumba nzima, mtoto kalala. Hata kama chanzo ni mtandao, kosa la fani liko wazi: skrini imetangaza jambo ambalo bado halijatokea. Ingetosha alama ibaki imefifia mpaka spika iitikie. Wi-Fi ya nyumbani hukatika, ruta huzidiwa, ukuta wa zege hudhoofisha mawimbi. Mwenye nyumba anayajua hayo na huyavumilia. Kinachomvunja moyo ni skrini inayomwambia mambo ni shwari ilhali masikio yake yanasikia mengine.

Walioumia zaidi ni wasioona. Wao huitumia simu kwa kisoma skrini, kinachotaja kila kitu kwa zamu, kwa hiyo kwao mpangilio ndio programu yenyewe. Programu mpya ilitoka kabla kazi ya kuipanga kwa ajili ya kisoma skrini haijakamilika, na watu waliokuwa wakijiwashia muziki bila msaada wa mtu wakakwama. Warekebishaji waliirudia sehemu hiyo katika wiki zilizofuata. Lakini kuitoa vile siku ya kwanza kulionyesha ni msomaji gani aliyesahaulika wakati wa kutunga.

Tarehe 25 Julai mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Patrick Spence, alitoa barua ya kuomba radhi. Kama utungo, barua hiyo inaishinda programu kwa mbali. Radhi inakuja mapema, bila kuzungukazunguka, kisha inafuata ratiba iliyogawanywa kwa miezi miwiliwili. Julai na Agosti: uthabiti wakati wa kuongeza bidhaa mpya, pamoja na muziki wa maktaba ya nyumbani. Agosti na Septemba: wepesi wa sauti kuitikia, sura ya programu, uthabiti wa mfumo mzima. Septemba na Oktoba: kengele za kuamshia, kuhariri foleni na orodha, mipangilio.

Soma mfuatano huo polepole. Kuunganisha spika mpya kumetangulia. Kengele ya alfajiri, ambayo mtu huitegemea asichelewe kazini, imeachwa kundi la mwisho. Yupo atakayetetea kwamba spika isipotambulika kwenye mtandao hata kengele haina pa kulia, na ana hoja. Bado naona mnunuzi wa kesho amewekwa mbele ya mwenye spika wa miaka mingi, na mwandishi wa barua hakueleza kwa nini.

Wengi walidai warudishiwe programu ya zamani. Mwezi Agosti Spence alieleza kwamba wazo hilo lilifikiriwa, ila kuirudisha kungeongeza matatizo, kwa kuwa mabadiliko hayakuishia kwenye simu: programu iliyo ndani ya spika na ile ya kwenye seva za kampuni nazo zilikuwa zimebadilika. Namwamini kwa hilo. Ndiyo maana sasisho ni utungo wa hatari kuliko kitabu. Mwandishi akiharibu toleo la pili, la kwanza linabaki rafuni kwa msomaji. Hapa toleo la kwanza lilifutwa mikononi mwa walionunua spika.

Andiko bora zaidi lilikuja Oktoba 2024, katika orodha ya ahadi za kampuni. Waandishi wa habari walivutiwa na kuongezwa mwaka mmoja wa dhamana na viongozi kukosa bonasi iwapo ubora hautarejea. Mimi nilisimama kwenye ahadi nyingine: mabadiliko makubwa ya programu yatatolewa hatua kwa hatua, watu wayazoee na kutoa maoni kabla hayajawa ya kawaida kwa wote, na vipengele vya majaribio vitawashwa na anayevitaka. Sentensi hizo hazina pambo lolote, na ndizo ninazoziheshimu zaidi katika maandishi ya Sonos ya mwaka ule, kwa kuwa zinamwachia mwenye spika nafasi ya kusema: bado, subirini kwanza.