Msingi Kabla ya Kufukiwa

Apitaye Emali kwa barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, akafika pale inapochepuka njia ya Loitokitok, huona maduka na ghorofa zilizopakwa rangi za kupendeza macho, na aghalabu huzihukumu kwa rangi hiyo, ilhali rangi ndiyo sehemu ya jengo iliyo nyepesi kupita zote kughushiwa. Mjuzi wa ujenzi hufika mapema zaidi, siku mtaro ungali wazi, kwa kuwa sifa na aibu za msingi huonekana kwa siku chache tu, kisha hufunikwa kwa udongo, na atakaye kuzijua baadaye hana budi kungoja kuta zimwambie kwa nyufa.

Kwanza atazame udongo. Emali haina ardhi ya namna moja: kuna viwanja vya udongo mwekundu unaoshika, na kuna vingine, hasa kwenye tambarare na mabondeni, vya udongo mweusi wa mfinyanzi, ule uitwao udongo wa pamba, ambao wakati wa kiangazi hupasuka hata mtu akaweza kutia mkono ufani, na mvua za Novemba zikishuka hunywa maji, ukafura na kuinua chochote kilichowekwa juu yake. Penye udongo huo kina cha mtaro hakipimwi kwa futi walizopatana fundi na mwenye nyumba. Hupimwa kwa kufika penye murramu au mwamba, na ikiwa mwamba uko mbali kupita uwezo wa sururu, hapo ni kazi ya mhandisi, wala si ya kukisia. Nyumba iliyonyimwa haki hiyo hutambulikana: ufa wake hushuka mshazari kutoka pembe ya dirisha, hujifumba majira ya mvua na kujifumbua kiangazi, na fundi huuziba kila mwaka kwa plasta kana kwamba ni jeraha la ngozi.

Baada ya udongo ni mchanga, na hapa mtu wa Makueni ana neema. Mchanga wa ufukoni una chumvi inayokula nondo. Mchanga wa mito ya Ukambani, inayotiririka kwa majuma machache na kukauka, umeoshwa na mafuriko, una chembe zenye ncha, na husafirishwa hadi Nairobi. Walakini si kila mchanga wa mto ni safi. Usugue kiganjani: ukiacha doa la tope, ushuku. Jaribio la insafu zaidi ni la chupa: itie mchanga hadi nusu, ongeza maji na chembe ya chumvi, itikise, kisha iache itulie saa chache, na ule utando wa tope utakaolala juu ukizidi sehemu 8 katika 100 za mchanga, lori na lirudi lilikotoka. Tena mjuzi mwenye dhamiri huuliza limetoka wapi, kwa sababu mchanga wa mto mkavu ndio birika la watu wa nchi hii: chini yake maji hubakia miezi baada ya mto kukatika, na akina mama huyafukua kwa kata. Ndiyo maana kaunti ya Makueni ilitunga mwaka 2015 sheria ya kuhifadhi mchanga na matumizi yake. Zege la mchanga wa magendo huenda likawa gumu kama jiwe. Mimi siliiti zege jema.

Sasa nifikie maji, ambayo ndiyo mizani yangu ya kumpima fundi wa Emali. Katika nchi ya ukame mtu angedhani kwamba maji yatabaniwa yasipotakiwa na kutolewa yanapotakiwa. Mambo huwa kinyume. Wakati wa kuchanganya, vibarua humimina ndoo juu ya ndoo, maana zege la majimaji ni jepesi kwa koleo na huteremka lenyewe mtaroni. Na likishalala, saa ambayo saruji inayahitaji maji ili itimize kushika kwake, hunyimwa hata kikombe kwa hoja kwamba maji ni ghali. Mfuko wa saruji wa kilo 50 hutosheka kwa lita 25 hivi, yaani jerikeni ya lita 20 na robo yake, na hupunguzwa mchanga ukiwa umelowa. Yanayozidi hapo hayageuki kuwa zege; hukauka baadaye na kuacha vitundu vya kupitishia unyevu na udhaifu. Kile kipimo kilicho mdomoni mwa kila fundi, sehemu 1 ya saruji, 2 za mchanga na 4 za kokoto, hakina maana maadamu maji yenyewe hayakupimwa. Twaa konzi ya zege uifumbate: ikisimama ilivyofumbatwa na kukuachia unyevu kiganjani, ni njema, ikichuruzika vidoleni kama uji, kazi na isimame. Kisha unawe upesi, kwa kuwa saruji huchoma ngozi.

Juu ya nondo sina mengi: ziinuliwe kwa biskuti, vile vipande vya zege vya mafundi, zisilale udongoni, kutu nyembamba haidhuru, ile ibandukayo magamba yadhuru.

Rudi siku ya pili, na ya tatu, na ya saba. Jua la Emali na upepo wa tambarare hunyonya unyevu wa juu kabla saruji haijashika, ndipo hutokea vijiufa vyembamba kama nywele na vumbi jeupe linalokwanguka kwa ukucha. Dawa ni magunia yaliyolowa, au mchanga wa maji, au nailoni, kwa siku 7 kwa uchache. Nguvu yenyewe hupimwa siku ya 28, kwa kuponda mchemraba wa sentimita 15 kila upande, uliojazwa siku ile ile ya kumwaga.

Kwa hiyo, msomaji, ukipita Emali adhuhuri, ukaona kijana na jerikeni akiyalowesha magunia juu ya msingi usio na ukuta bado, usimcheke kuwa anamwagilia mawe. Muulize jina la fundi wake, uliandike.